Kupanga deskitopu za Openbox ili kila kazi ikae sehemu yake

Huu mwongozo ni wa yule mwenye laptopu ya mtumba, RAM giga 2 au 4, skrini ile ya 1366 kwa 768, ameweka Linux nyepesi yenye Openbox (programu inayosimamia madirisha kwenye skrini) na sasa madirisha yamejazana mpaka hajui brauza iko wapi na barua ya mteja iko wapi. Mfano nitakaoutumia ni wa mtu wa steshenari, yule anayechapa CV, anaskani vyeti, anajaza maombi ya Ajira Portal na ya mkopo HESLB, na hapo hapo anapokea mafaili ya wateja kwa WhatsApp. Kwa kazi hiyo deskitopu nne, yaani meza nne za kazi ndani ya skrini moja unazohama kati yake, zinatosha kabisa. Ila niseme mapema, kuongeza idadi ya deskitopu peke yake hakusaidii kitu, kinachosaidia ni kila programu kuwa na deskitopu yake ya kudumu na kila deskitopu kuwa na kitufe chake, maana watu wengi wanawasha sita halafu baada ya siku chache wamerudi kutumia ile ya kwanza tu, kwa sababu kukumbuka kitu umekiweka wapi ni kazi kubwa kuliko kutafuta kwenye rundo.

Halafu kuna hili la RAM. Deskitopu zenyewe hazili RAM ya maana, zinazokula ni programu zilizofunguliwa humo. Brauza yenye tabo ishirini ikiwa deskitopu ya kwanza na wewe uko ya tatu, inakula vile vile kama ungekuwa unaiangalia, kwa hiyo mwenye giga 2 asije akadhani kuificha ndio kuifunga.

Hatua ya 1: jua faili lako ni lipi

Openbox inasoma mipangilio yake kwenye faili moja la XML, yaani maandishi yaliyopangwa kwa tagi za kufungua na kufunga. Kwa Openbox tupu faili ni rc.xml ndani ya ~/.config/openbox, kwa LXDE (mazingira kamili yanayotumia Openbox ndani yake) ni lxde-rc.xml kwenye folda hiyo hiyo, na kuna distro, yaani aina za Linux, zina majina yao mengine. Hapa ndipo wengi wanapotezea muda, mtu anaediti rc.xml weee hakuna kinachobadilika kumbe mashine inasoma faili jingine. Usibahatishe, iulize yenyewe kwenye terminali, lile dirisha la kuandika amri:

    ps -o args= -C openbox

Ikijibu na --config-file halafu jina la faili, basi hilo ndilo. Ikijibu openbox bila jina la faili, tumia rc.xml. Kama halipo kwenye folda yako, likopi kutoka kwenye la mfumo:

    mkdir -p ~/.config/openbox
    cp /etc/xdg/openbox/rc.xml ~/.config/openbox/rc.xml

Kisha weka na kopi ya akiba kabisa, sekunde mbili tu:

    cp ~/.config/openbox/rc.xml ~/.config/openbox/rc.xml.akiba

Kuanzia hapa nitasema rc.xml, wewe weka jina la faili lako.

Hatua ya 2: idadi na majina

Fungua faili kwa mousepad, nano, chochote ulichozoea, tafuta neno desktops. Utakuta kipande kina namba 4 tayari, ndiyo inakuja nayo. Kibadilishe kiwe hivi:

    <desktops>
      <number>4</number>
      <firstdesk>1</firstdesk>
      <names>
        <name>Mtandao</name>
        <name>Kuchapa</name>
        <name>Skana</name>
        <name>WhatsApp</name>
      </names>
      <popupTime>500</popupTime>
    </desktops>

firstdesk ni deskitopu utakayoikuta ukishalogini. popupTime ni muda wa kile kiboksi kinachotokea katikati kukuonyesha umehamia wapi, unahesabiwa kwa milisekunde, kikija kwenyewe huwa 875 ambayo mimi naona inachelewa, ukiweka 0 hakitokei kabisa. Kiache kwanza mpaka vidole vizoee.

Sevu, halafu:

    openbox --reconfigure

Huna haja ya kulogauti wala kurestati, mabadiliko yanaingia hapo hapo na madirisha yako yaliyo wazi hayaguswi.

Hatua ya 3: vitufe

Openbox inakuja na Ctrl+Alt na mishale kwa kuhama kushoto kulia, na kitufe cha Windows na F1 mpaka F4 kwa kwenda moja kwa moja. Mishale haifai kwa kazi ya haraka, kutoka ya kwanza kwenda ya nne unapita mbili katikati bila sababu, na F1 mpaka F4 kwenye laptopu nyingi zimebanana na sauti na mwanga wa skrini mpaka ushike Fn. Tumia Windows na namba za juu ya kibodi. Tafuta sehemu ya keyboard kwenye faili, na ndani yake weka hivi:

    <keybind key="W-1">
      <action name="GoToDesktop"><to>1</to></action>
    </keybind>
    <keybind key="W-S-1">
      <action name="SendToDesktop"><to>1</to><follow>no</follow></action>
    </keybind>

W ni kitufe cha Windows, S ni Shift, C ni Ctrl, A ni Alt. Rudia hivyo hivyo kwa 2, 3 na 4. Cha kwanza kinakupeleka wewe, cha pili kinalipeleka dirisha ulilo nalo mbele. Hiyo follow ukiiweka no dirisha linaondoka wewe unabaki ulipo, usipoiandika Openbox inachukulia yes na inakuvuta uende nalo. Kwa steshenari no ni bora, unalitupa dirisha la mteja aliyeenda kutafuta pasipoti saizi unaendelea na aliyepo.

Kabla ya kuongeza kitufe chochote angalia kwanza kwenye faili kama hakijapewa kazi nyingine huko chini, tumia tu kutafuta, usiweke kimoja mara mbili. Na ujue namba za pembeni kulia, zile za kikalkuleta, kwa Openbox ni vitufe vingine kabisa, W-1 haitaitika kule.

Kuna kitufe kimoja nakipenda kuliko vyote hivi na watu hawakijui:

    <keybind key="W-grave">
      <action name="GoToDesktop"><to>last</to></action>
    </keybind>

Grave ni kile kilicho chini ya Esc kwenye kibodi za Kimarekani. Hapo last maana yake ni deskitopu uliyokuwepo kabla ya hii, yaani unacheza kati ya mbili kwa kitufe kimoja. Mteja anakusomea namba ya cheti, fomu iko deskitopu ya kwanza, cheti kilichoskaniwa kiko ya tatu, unaruka huku na huku bila kufikiria uko namba ngapi.

Alt+Tab nayo iache ilivyo. Kwa kawaida inazungusha madirisha ya deskitopu uliyopo tu, na ndivyo inavyotakiwa. Kuna watu wanaiwekea allDesktops ili izungushe yote, sasa hapo si umerudi kwenye rundo lile lile.

Hatua ya 4: kila programu na deskitopu yake

Hii ndiyo hatua yenyewe, kama una haraka ruka zingine lakini hii fanya.

Openbox inalitambua dirisha kwa majina yake ya ndani, sio kwa jina unaloliona wewe. Kuyajua, fungua programu husika kisha kwenye terminali andika:

    obxprop | grep "^_OB_APP"

Mshale wa mausi utabadilika, bofya ndani ya dirisha unalotaka, yatatoka mambo kama haya:

    _OB_APP_TYPE(UTF8_STRING) = "normal"
    _OB_APP_TITLE(UTF8_STRING) = "Mozilla Firefox"
    _OB_APP_CLASS(UTF8_STRING) = "firefox-esr"
    _OB_APP_NAME(UTF8_STRING) = "Navigator"

Kinachotumika zaidi ni CLASS. Openbox inatofautisha herufi kubwa na ndogo, na hapa programu zenyewe hazina msimamo, toleo hili ni Firefox toleo lile ni firefox, ndiyo maana mtu anasasisha mashine asubuhi jioni sheria zake zimekufa. Dawa ni kuiacha herufi ya kwanza na kuweka nyota, kama hapa chini. Sogea mpaka sehemu ya applications, huwa chini kabisa ya faili, na uangalie vizuri kwa sababu faili linalokuja na mfumo lina maelezo marefu yaliyofungwa kwa alama za komenti, ukiandika ndani ya komenti hakuna kitakachosomwa. Andika kabla ya tagi ya kufungia applications:

    <application class="*irefox*" type="normal">
      <desktop>1</desktop>
      <maximized>yes</maximized>
    </application>
    <application class="*office*" type="normal">
      <desktop>2</desktop>
      <maximized>yes</maximized>
    </application>
    <application class="*imple*can*" type="normal">
      <desktop>3</desktop>
    </application>
    <application name="web.whatsapp.com*" type="normal">
      <desktop>4</desktop>
    </application>
    <application class="*alculator*">
      <desktop>all</desktop>
      <layer>above</layer>
    </application>

Hiyo ya office nimeiandika kwa upana makusudi inase LibreOffice zote, Writer, Calc na ile kurasa ya mwanzo. type="normal" usiiondoe, inazuia sheria isiguse vidirisha vidogo vya kusevu na kuprinti, vile vinatakiwa vimfuate mama yake popote alipo. Kalkuleta nimeipa all, ionekane deskitopu zote na ikae juu ya kila kitu, mteja akiuliza kopi arobaini na laminesheni mbili ni shilingi ngapi unayo mbele.

Hiyo ya WhatsApp inahitaji maelezo kidogo. Ukifungua WhatsApp kama tabo ndani ya Firefox, kwa Openbox hiyo ni Firefox tu, haiwezi kuitenganisha. Inabidi uifungue kama dirisha lake lenyewe, na Chromium inaweza:

    chromium --app=https://web.whatsapp.com

Ikifunguliwa hivyo NAME yake inakuwa na anwani ya tovuti ndiyo maana sheria yake nimeandika name badala ya class, na hata ukiwa na Chromium nyingine ya kawaida hazichanganyikani. Mbinu hii inafanya kazi kwa tovuti yoyote. Kwa steshenari kuna faida nyingine nje ya mpangilio: mteja ameegemea kaunta anaangalia skrini yako anasubiri barua yake, meseji na vyeti vya watu wengine viko deskitopu ya nne, havimhusu na havioni.

Dirisha moja likiguswa na sheria mbili, zote zinatumika na ya chini ndiyo inayoshinda pale zinapogongana. Kwa hiyo sheria pana weka juu, sheria ya kitu maalumu weka chini yake.

Terminali na meneja wa mafaili usiwape deskitopu maalumu, najua inavutia kupanga kila kitu ila hivi viwili unavihitaji popote ulipo, ukivifunga kwenye ya tatu kila ukibofya kufungua folda ya daunilodi inafunguka huko kusikoonekana na wewe unabofya tena na tena mpaka zimekuwa saba.

Sevu, openbox --reconfigure, halafu funga programu na uzifungue upya. Sheria zinasomwa wakati dirisha linafunguka, lililokuwa wazi tayari halihami.

Sasa kuna jambo litakusumbua siku ya kwanza. Uko deskitopu ya kwanza, unafungua Writer, kimyaaa. Imefunguka, ila iko ya pili, Openbox haikupeleki huko yenyewe. Wengine wanapenda hivyo hivyo. Kama wewe hupendi, funga safari na ufunguaji kwenye kitufe kimoja:

    <keybind key="W-w">
      <action name="GoToDesktop"><to>2</to></action>
      <action name="Execute"><command>libreoffice --writer</command></action>
    </keybind>

Vitendo vinafuatana kama ulivyoviandika, unahama kwanza kisha programu inafunguka mbele ya macho yako.

Hatua ya 5: paneli ikuonyeshe uko wapi

Unaweza kuishi bila hii lakini mwanzoni inasaidia. Kama paneli yako, ule mstari wenye orodha ya madirisha, ni tint2, fungua ~/.config/tint2/tint2rc na hakikisha mistari hii miwili iko hivi:

    taskbar_mode = multi_desktop
    taskbar_name = 1

Kisha killall -SIGUSR1 tint2, paneli inajisoma upya. Majina uliyoweka hatua ya pili yatatokea chini na madirisha ya kila deskitopu mbele ya jina lake, na unaweza kulivuta dirisha kwa mausi kutoka deskitopu moja kwenda nyingine hapo hapo kwenye paneli. Kwa lxpanel, paneli ya LXDE, ongeza kile kiapleti cha pager kinachoonyesha deskitopu zako, basi.

Mambo yanayokwama

Umeandika, ume-reconfigure, kimetokea kiboksi kinalalamika kosa la XML. Kisome, kinataja faili na mstari. Mara nyingi ni tagi haijafungwa au alama ya nukuu imesahaulika. Kama unataka kukagua kabla, xmllint --noout ikifuatiwa na jina la faili, ikinyamaza faili ni zima. Kwenye Debian na Ubuntu iko ndani ya paketi ya libxml2-utils.

Deskitopu zinajibadilisha zenyewe ukigusa tachipadi. Hazijibadilishi, ni skroli. Openbox inakuja imepangwa kwamba ukiskroli juu ya wolipepa unahama deskitopu. Kwenye sehemu ya mouse tafuta context yenye jina Desktop, zifute au uzizibe kwa komenti zile mousebind za Up na Down. Usiguse za Left na Right, wala context yenye jina Root, humo ndimo zilimo menyu zako.

Dirisha limepotea hujui liko deskitopu ipi: bofya wolipepa kwa batani ya kati ya mausi, inakuja orodha ya madirisha yote ya deskitopu zote. Ila kama wolipepa inachorwa na pcmanfm, meneja wa mafaili, kama ilivyo kwenye LXDE, mbofyo unaishia kwake hauifikii Openbox, hapo bora uipe kitufe:

    <keybind key="W-space">
      <action name="ShowMenu"><menu>client-list-combined-menu</menu></action>
    </keybind>

Mishale ya juu na chini haifanyi kitu, ya kushoto na kulia inafanya. Ni sawa, deskitopu zimepangwa mstari mmoja mpaka paneli yenye pager iiambie Openbox kuna safu mbili. Ukitumia namba hili halikuhusu.

Sheria ya programu moja haifuatwi na jina ni sahihi kabisa. Kuna programu chache zinaandika class yake baada ya dirisha kushafunguka, Openbox imeshaangalia ikakuta patupu, Spotify ilijulikana sana kwa hili. Hakuna ujanja ndani ya rc.xml, fungua programu hiyo ukiwa tayari kwenye deskitopu unayoitaka, kwa mtindo ule wa W-w.

Umekopi kitufe kutoka kwenye mwongozo wa zamani na hakifanyi kitu au kinafanya nusu. Maelekezo ya Openbox za 3.4 yanatumia kitendo kinachoitwa Desktop na DesktopLeft na vingine vya namna hiyo, mpangilio wa sasa ni GoToDesktop na SendToDesktop. Toleo la 3.6.1 lilitoka 2015 na ndilo distro nyingi zinalo mpaka leo, kwa hiyo ukiandika kama nilivyoandika hapa huna wasiwasi wa kubadilikiwa.

Ukitaka zifunguke zenyewe asubuhi

Kwenye ~/.config/openbox/autostart weka:

    tint2 &
    (sleep 3; firefox-esr) &
    (sleep 10; chromium --app=https://web.whatsapp.com) &

Ile alama ya mwisho wa mstari lazima iwepo, bila hiyo mstari unaofuata unasubiri wa juu yake ufungwe. Nimezipishanisha kwa sekunde ili diski isizidiwe, hard disk ya kuzunguka ikifungua brauza mbili kwa pamoja inakoroma mpaka unajuta. Kila moja itaenda kwenye deskitopu yake kwa sheria za hatua ya nne, wewe unabaki ya kwanza. Kwenye LXDE kamili faili ni ~/.config/lxsession/LXDE/autostart na mistari yake inaanza na alama ya @ bila ile ya mwishoni. Mwenye giga 2 aweke moja tu, LibreOffice aifungue mteja akija.

Mwisho kwa wale wa Wayland, mfumo mpya wa Linux wa kuchora madirisha kwenye skrini. Openbox ni ya X11 tu, ule mfumo wa zamani, haiendi Wayland. Iliyo karibu nayo ni labwc, ndiyo Raspberry Pi OS ilihamia Oktoba 2024, na faili lake ~/.config/labwc/rc.xml linafuata mtindo ule ule. Kipande cha desktops na vitufe vya GoToDesktop na SendToDesktop unavihamisha karibu kama vilivyo. Sheria za programu ndizo zinabadilika, zinaandikwa ndani ya windowRules na badala ya class unaweka identifier, na obxprop haitakusaidia kule kwa sababu nayo ni ya X11. Ukimaliza ni labwc --reconfigure.